Mimi na Bibi Tunakwenda Ekuador

Siku Amerika ya Kusini ilipomvua kofia Truphosa, ilikuwa saa kumi na moja jioni katika stesheni ya T-Centralen. Nusu ya Stockholm ilikuwa juu ya ngazi za umeme, imesimama upande wa kulia kama sheria inavyotaka, kimya kama bweni ambalo mwalimu wa zamu amesimama dirishani.

Mtu mmoja tu alisimama kushoto. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kazi la njano lenye mistari inayong'aa, na kwapani alibana ramani ya darasani, ile ya kitambaa yenye fimbo juu na chini, iliyoviringishwa ikawa ndefu kumshinda mwenyewe. Alipogeuka kusikiliza kama treni ya Märsta, kitongoji alichokaa, imeshatangazwa, ramani iligeuka naye. Fimbo ikapita juu ya vichwa vya Waswidi watatu, wote wakainama bila kusema neno, ikafika kwenye kofia nyekundu ya sufu ya mtu wa nne, mwanamke, ikaondoka nayo.

"Lo!" akasema yule mrefu kwa Kiswahili, maana mtu akishtuka husahau lugha ya serikali. "Nimemvua dada wa watu kofia!"

"Na usipoirudisha nitakuvua sikio," mwanamke akamjibu kwa Kiswahili hicho hicho.

Waswidi watatu wakainama tena, safari hii kwa tahadhari.

Chini ya ngazi walisimama wakatazamana. Mwanamke alikuwa na koti la kijani lililomshika kiunoni, buti zilizopakwa chumvi ya barabara za Februari, na nywele ambazo kofia ilikuwa imezificha bila sababu yoyote ya maana.

"Samahani sana, dada yangu. Naomba unisamehe. Naomba nikupanguse vumbi la ramani hapo begani."

"Wewe ni wa Tanga."

"Umejuaje?"

"Umeomba mara mbili kwa pumzi moja. Kwetu Vihiga mtu husema 'pole' akaenda zake. Na hilo ni bara gani unalotembea nalo?"

"Amerika ya Kusini. Nimelipata kwenye soko la mitumba. Natafuta Ekuador."

"Kwenye ngazi?"

"Ndiko nilikofikia."

Truphosa alicheka mpaka akashika nguzo. Alikuwa na miaka thelathini na moja, alikuja Uswidi kusoma Kihispania, na kazi yake, jamani, katika kazi zote za duniani, ilikuwa kupangia watu safari za Amerika ya Kusini katika ofisi ndogo karibu na Odenplan. Aliifungua ramani kidogo akaweka kidole.

"Hii hapa. Ndogo kama kucha, lakini usiidharau. Ina pwani, milima yenye barafu, msitu na visiwa. Asubuhi uko pwani na fulana, jioni uko mlimani chini ya blanketi tatu."

"Nchi moja, hali ya hewa nne," alisema yule bwana taratibu, kama mtu anayekariri kitu alichofundishwa zamani.

Jina lake lilikuwa Samir. Kwa miaka tisa alikuwa amepakia mizigo ndegeni katika uwanja wa Arlanda. Masanduku aliyoyabeba yalikuwa yamefika Tokyo, Miami na Bangkok. Yeye alikuwa amefika Märsta. Siku hiyo hata Märsta alichelewa kufika, kwa sababu treni tatu zilikuja zikaondoka huku akielezwa habari za kobe wakubwa wa visiwa vya Galapagos.

Alhamisi iliyofuata alijileta ofisini, amenyoa, amevaa shati la buluu lililopigwa pasi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ramani ilitundikwa ukutani. Truphosa alifungua kikopo cha pini na kidonge cha uzi mwekundu.

"Wasafiri wangapi?"

"Wawili."

Truphosa aliandika mbili. Moyo ulimwambia aulize wa pili ni nani. Mdomo ukakataa katakata. Miaka miwili nyuma alikuwa amempenda mtu aitwaye Kuria, mtanashati wa kupindukia, mpaka siku ambapo mke wa Kuria alipiga simu kutoka Nakuru kuuliza kama mumewe amepona. Hakuwahi kuugua. Tangu hapo Truphosa alikuwa ameapa: mwanamume mwenye mke hatavuka kizingiti cha moyo wake hata kwa bahati mbaya. Lakini wa pili wa Samir si angeweza kuwa kaka? Si angeweza kuwa rafiki wa kazini? Akaiacha mbili ikae hivyo, bila jina.

"Watu wote huanzia Quito," alisema. "Sisi hatutaanzia Quito."

"Kwa nini?"

"Iko juu mno. Unashuka kwenye ndege, unapanda ngazi kumi, unaanza kuhema kama umeiba kuku. Tutaanzia chini, Guayaquil, tule samaki siku mbili. Tupande taratibu mpaka Cuenca. Halafu Quito. Halafu tuteremke msituni kwa mtumbwi. Kobe mwisho, kwa sababu ukianza na kobe, mengine yote yatakuchosha."

"Umesema 'tutaanzia'. Na wewe unakuja?"

"Ni namna ya kusema tu. Shika huo uzi."

Wakaendelea hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi, na uzi mwekundu ukazidi kurefuka. Ikweta ilipokatiza juu ya Quito, Truphosa aliigusa kwa pini na kusema, kwa fahari, kwamba mstari huo huo unapita Maseno, mwendo mfupi kutoka kwao. Kuanzia hapo Samir hakumwita tena dada. Alimwita Ikweta. Na simu zikaanza.

"Halo, Ekuador?"

"Ekuador inasikiliza. Nani mwenzangu?"

"Mtu wa Märsta. Nilitaka kuuliza kuhusu kobe."

"Jana si uliuliza?"

"Jana niliuliza wanakula nini. Leo nauliza wanapumzika siku gani."

"Samir, wewe kobe hujawahi kuwajali."

"Kweli. Nauliza Ikweta inapumzika siku gani."

Ikweta ilipumzika Jumapili mchana. Walitembea kando ya maji pale Slussen, barafu ikipasuka vipande vipande, wakila maandazi ya moto ya iliki. Samir aliona vidole vya Truphosa vimekufa ganzi, akamvisha glavu zake za kazi, zile kubwa za kupakia mizigo. Truphosa alionekana kama bondia aliyepotea njia, na hakuzivua mpaka alipofika nyumbani, Alby. Haya yote yameandikwa hapa ili isemwe wazi kwamba kosa lililofuata halikutokea kwa watu wasiopendana.

Lilitokea mwezi wa nne, saa nne asubuhi, penye mwanga wa kutosha na mashahidi hakuna.

"Sasa tiketi," alisema Truphosa, kalamu mkononi. "Nipe majina. Wa kwanza wewe. Wa pili?"

Samir alijikuna shingo. Hakuwa amelisema jambo hili mapema kwa sababu aliona aibu: mtu mzima, miaka thelathini na minne, likizo yake ya kwanza. Akajikaza.

"Mimi na bibi," alisema.

Hapa wasomaji wapange mistari miwili, kama gwaride la asubuhi. Wa Tanzania, kulia: nyinyi mmekwisha kuelewa kwamba bibi ni mama yake mama, mzee mwenye mkongojo na biskuti mfukoni. Chekeni kimyakimya. Wa Kenya, kushoto: nyinyi mmeshika vifua, kwa sababu kwenu bibi ni mke wa nyumbani. Truphosa alikuwa mstari wa kushoto.

"Bibi," alirudia.

"Eeh, bibi yangu. Anaitwa Mwatumu. Ndiye mwenye safari hasa. Mimi mbeba mikoba tu. Pasipoti yake inafanywa upya, nitakuletea."

"Mmekaa naye muda mrefu?"

"Wee! Sikumbuki maisha bila yeye. Ananipikia, ananisomea barua, nikimkasirisha ananifinya sikio."

"Na unampenda."

"Swali gani hilo? Hakuna mwanamke ninayempenda kama yeye."

Kalamu ya Truphosa ilitoboa karatasi.

"Chumba?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayehesabu samani za marehemu.

"Kimoja, tafadhali. Halali peke yake. Lakini vitanda viwili. Usingizini anapiga mateke."

"Anajua... habari zangu?"

Uso wa Samir uling'aa. Ole wake, uling'aa.

"Zote! Anakusubiri kwa hamu. Anasema nikulete nyumbani akukague, na kama unajua kupika samaki, yeye hana pingamizi."

Truphosa alisimama. Alifunga kikopo cha pini. Alisema ofisi inafungwa. Samir alitazama saa: saa nne na robo asubuhi. Alitazama mlango: ulikuwa umeshafunguliwa kwa ajili yake.

"Ana bibi, Eve!" Truphosa alilia kwenye simu. Eve alikuwa binamu yake, wa Vihiga vilevile, na kwa hiyo hakuwa msaada.

"Ati nini?"

"Bibi! Na bibi anajua! Anataka nipelekwe nikakaguliwe kama mbuzi!"

"Ngoja. Bibi mwenyewe hana pingamizi?"

"Mradi najua samaki!"

"Haki ya Mungu, Tru, unatafutiwa nafasi ya mke wa pili. Utawekwa jikoni. Kimbia."

Truphosa hakukimbia, alikaa chini akapanga safari. Aliipanga upya usiku na mchana, kwa uchungu wa moyo wake na kwa ustadi wote aliosomea, kisha akaituma Märsta kwa posta pamoja na kijibarua cha mistari miwili: Faili lako limekamilika. Usinipigie.

Samir alipiga mara kumi na nne.

Jumamosi, kwenye meza ya jikoni Märsta, Mwatumu binti Salehe, mwenye miaka sabini na tisa, alishika kioo cha kukuzia akaisoma ratiba yake kwa sauti.

"Siku ya kwanza: Quito. Bibi atapanda kilima kwa miguu, bwana atapumzika hotelini. Siku ya tatu: volkano ya Cotopaxi. Bibi atapanda mpaka kwenye barafu. Siku ya tano: Baños. Bibi atafungwa kwenye bembea na kusukumwa juu ya korongo. Siku ya saba: bibi atapiga kasia mto mzima, mamba wapo." Akainua macho. "Siku ya tisa nitaruka kutoka darajani nikiwa nimefungwa kamba miguuni. Samir."

"Naam, bibi."

"Huyu binti ana akili sana. Na ana hasira sana. Ulimwambia mimi ni nani wako?"

"Nilimwambia wewe ni bibi yangu."

"Yeye mtu wa wapi?"

"Kenya."

Mwatumu aliweka kioo mezani. Miaka thelathini na sita alikuwa amefundisha jiografia darasa la sita huko Horohoro, mpakani kabisa, nusu ya darasa wakivuka asubuhi na kurudi jioni.

"Wewe mtoto," alisema, "kule ng'ambo bibi ni mke."

Samir alionekana anasoma maneno yake mwenyewe moja moja, kama mwanafunzi anayesomewa mashtaka yake mbele ya shule.

"Nilimwambia unanipiga mateke," alisema hatimaye.

"Ya Rabi."

"Nilimwambia huna pingamizi."

"Vaa viatu," alisema Mwatumu.

Alivaa gauni refu la zambarau, koti la baridi, kanga juu ya koti, na viatu vyeupe vya michezo. Wakapanda treni mpaka Odenplan. Mlangoni mwa ofisi alimsimamisha Samir kwa mkongojo. "Wewe baki nje. Umeshasema ya kutosha."

Truphosa alikuwa peke yake ndani, amevaa sweta la kijivu, siku ya nne mfululizo. Ramani bado ilikuwa ukutani, lakini uzi ulikuwa umeng'olewa.

"Shikamoo, mama," alisema, akisimama.

"Marahaba. Mimi ndiye Mwatumu."

Truphosa alitazama nyuma ya mzee, kama Mwatumu mwingine, mwembamba na mwenye wanja, angeweza kuwa amejificha kwenye kanga.

"Mwatumu yupi?"

"Bibi yake Samir. Yule wa kuruka darajani."

Truphosa alitazama mkongojo, kisha viatu vyeupe vya michezo.

"Wewe ni... nyanya yake?"

"Huko kwenu nyanya. Kwetu nyanya tunakatia kwenye mchuzi."

Truphosa alikaa. Alifunika uso kwa mikono miwili, na kutoka nyuma ya mikono kikatoka kitu kilichoanza kama kilio, kikaenda kama kicheko, kikarudi tena kilio. "Nilikuweka juu ya korongo," alisema. "Mama. Bibi. Nyanya. Nisamehe, nilikutupia mamba!"

"Simama, mwanangu. Nionyeshe Guayaquil."

Alisimama, akaonyesha.

"Chimborazo."

Akaonyesha.

"Umepita. Sasa nisikilize. Miaka thelathini na sita niliwachoresha watoto nchi hii kwa kalamu za rangi. Njano pwani, kahawia milima, kijani msitu, buluu visiwani. Nchi moja, hali ya hewa nne. Niliwachapa walioikosea. Na mimi sijawahi kuiona, labda niliwadanganya. Daktari anasema presha ya macho haitaniachia mwanga hata mwaka ujao uishe. Nataka nikahakikishe." Alishusha pumzi. "Tatizo langu ni Samir. Nikimuuliza mlima ukoje, atasema mkubwa. Kobe? Mkubwa. Bahari? Kubwa. Nahitaji mtu wa kunieleza yatakayonipita. Hebu nieleze kilichoko nje ya dirisha hilo."

Truphosa aligeuka akatazama.

"Kuna mwanamume mrefu mwenye koti la njano. Theluji ya mwisho wa majira inadondoka, imemkaa mabegani na haipangusi. Anajifanya anasoma tangazo letu la Chile, lakini amelishikilia neno moja dakika tano nzima. Kamba za viatu vyake, moja nyeusi, moja ya kahawia. Hana kofia. Masikio yamekuwa mekundu. Uso wake kama wa mtoto aliyesahau shairi mbele ya wazazi wote."

Mwatumu aliitikia kwa kichwa taratibu. "Unaona vizuri. Kamba za viatu mimi sikuziona. Sasa nenda kabla hajaganda. Mambo ya msikiti wetu na kanisa lenu wazee watayakalia kitako wakati wake. La leo ni hilo tu."

Truphosa alitoka bila koti, kofia tu kichwani.

"Wewe!" alisema.

"Ikweta."

"Mbona hukusema ni nyanya yako?"

"Nilisema! Nilisema wazi!"

"'Hakuna mwanamke ninayempenda kama yeye'!"

"Si kweli tena," alisema Samir. "Sasa mko wawili, na sijui nifanyeje. Truphosa, siku hizi tisa tangu unifungie mlango nimepakia mizigo ya Madrid kwenye ndege ya Oslo. Naomba unisamehe. Naomba usinifungie mlango saa nne asubuhi tena."

"Umeomba mara mbili," alisema Truphosa. Alivua kofia yake nyekundu ya sufu, akaishusha juu ya masikio mekundu ya Samir mpaka ikamfika kwenye nyusi, na hakuondoa mikono. Watu wa Odenplan wakapita wakitazama ardhi kwa heshima kubwa. Dirishani, mzee aliyedaiwa kuwa haoni vizuri aligeuza uso upande wa pili.

Uzi ukarudi ukutani. Guayaquil, Cuenca, Quito, Baños, msitu, visiwa. Na baada ya kila siku tatu, siku moja ya kukaa tu kwenye kiti. Mamba walifutwa. Volkano ingetazamwa kwa mbali, na chai mkononi. Bembea ya korongoni peke yake ilibaki, kwa sababu Mwatumu aligoma: "Nimeshaahidiwa."

Wasafiri sasa walikuwa watatu. Mwishoni mwa Agosti, wiki tatu kabla ya ndege, walikutana ofisini kujaza fomu za bima. Truphosa alijaza ya Mwatumu, na Samir, kwa mwandiko wa mtu anayefanya mtihani, akajaza ya Truphosa. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye meza. Mwatumu alikuwa ameegemea kitini, macho yamefumbwa.

"Lete nikague," alisema Truphosa. Alisoma. Akasimama kwenye mstari mmoja. "Umekosea hapa."

"Wapi?"

"Wanauliza uhusiano na msafiri mkuu. Umeandika 'bibi'."

"Sijakosea."

Truphosa alimtazama. Samir alikuwa amevaa lile shati la buluu, na lilikuwa limepigwa pasi kwa nguvu ileile.

"Bibi wa Tanzania au wa Kenya?" aliuliza, sauti ikiwa imepungua.

"Wa Kenya," alisema Samir. "Kama utakubali. Wa Tanzania utakuwa baadaye, wajukuu wakifika."

"Mtu wa Tanga huomba mara mbili."

"Naomba, Ikweta. Naomba sana."

Truphosa alichukua muhuri wa ofisi. Aliushika kwa mikono miwili, akaugonga juu ya neno lile mpaka vikombe vikaruka.

"Samir," alisema Mwatumu bila kufumbua macho. "Nieleze. Nini kimenipita?"

Samir alimtazama Truphosa, machozi yake, wino kwenye kidole chake gumba, uzi mwekundu nyuma ya kichwa chake. Alitafuta maneno. Alitafuta kweli, kwa muda mrefu, kuliko wakati wowote katika maisha yake.

"Kubwa, bibi," alisema. "Furaha ni kubwa."